Mpiga Kura, Mgombea na Desturi ya Ukarimu

Neno kura tumelipokea kutoka Kiarabu, na kabla halijawa jina la karatasi inayotumbukizwa sandukuni lilikuwa jina la bahati. Abiria wa kile chombo alichopanda Nabii Yunus walipiga kura ili wamjue wa kutoswa baharini, na hapana hata mmoja kati yao aliyeweza kubembelezwa, kwa kuwa hapana aliyekuwa na hiari. Kura ya zama zetu ni kinyume cha ile. Ina mwenyewe, na mwenyewe ana nia. Na kwa kuwa ana nia, hana budi kutafutwa. Makala haya yanahusu mahali anapotafutwa kwa mara ya mwisho, yaani katika ile njia fupi baina ya mlango wa nyumba yake na kituturi.

Sanduku la siri lililetwa na Waingereza, ambao wenyewe walichelewa kulipata. Hadi mwaka 1872 mpiga kura wa Uingereza alitaja jina la mtu wake kwa sauti mbele ya hadhara, na aghalabu mwenye shamba aliyempangisha, au mgombea mwenyewe, alikuwa papo hapo anasikia. Pombe ilimiminwa bila hesabu. Sheria ya 1872 ilileta siri, na nyingine ya 1883 ikabana matumizi ya fedha. Hivyo uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulikuja na kanuni hizo zikiwa zimekwisha kukomaa, lakini ulikuja kwa wachache: palikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo, pamoja na ile kura tatu ambayo TANU iliijadili kwa uchungu mjini Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kushiriki. Mwaka 1960, kati ya viti 71, viti 58 vilipita bila kupingwa. Kwa hiyo wananchi walio wengi wa Bara hawakupata kusimama mbele ya mtu anayewaomba kura ya ubunge hadi Septemba 1965.

Visiwani mambo yalitangulia, na yalikuwa machungu. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Mahali ambapo kura moja hutoa kiti, kila aliye katika msururu huwa ni mtu wa kuzingirwa, kuulizwa jina, na kushukiwa kuwa amekwisha kupiga kwingine. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka ule ule, ugomvi ulioanzia vituoni mjini Unguja ulienea hadi mashamba, na watu 68 wakapoteza maisha. Sitalirefusha jambo hili. Ila nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kero za mgombea mlangoni mwa kituo ni mzaha tu.

Ama kuhusu uchaguzi wa 1965, huo wastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ulijaribu jambo ambalo halikuwa limejaribiwa kwetu. Chama kilikuwa kimoja, lakini wagombea walikuwa wawili katika kila jimbo, isipokuwa machache ambayo mtu alipita peke yake. Mgombea hakuruhusiwa kuitisha mkutano wake. Mikutano iliandaliwa na chama wilayani, na wote wawili walipanda jukwaa moja, mmoja akisikiliza mwenzake akisema. Walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili peke yake. Watu huitaja kanuni hii ya lugha kwa ajili ya umoja wa taifa, na ni kweli. Lakini ilikuwa na kazi nyingine ndogo ambayo haisemwi sana. Ilimnyima mgombea ule mnong'ono wa kilugha, wa kumwambia mtu pembeni kwamba mimi ni mwenzenu, yule ni wa kuja.

Ili wasiojua kusoma nao wapige kura, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Hapo ndipo ufundi wa lugha ulipochanua. Mwenye jembe aliuliza ni nani aliyewahi kutafuna nyumba. Mwenye nyumba alijibu kwamba hata mkulima hodari, jua likichwa, harudi kulala juu ya mpini. Wananchi walicheka, wakashangilia wote wawili, kisha wakaenda kituoni wakafanya walilolijua wao. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa, na Mawaziri Wadogo kadhaa pamoja naye. Si kusema kwamba ushawishi wa pembeni ulikoma. Ulihamia uani na vilabuni, giza likiingia. Lakini yule aliyekuja usiku alijua kwamba kesho atasimama na mpinzani wake mbele ya watu wale wale.

Jirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Katika mchujo wa chama cha KANU wa mwaka 1988, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, wakahesabiwa kwa macho. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Hapo umbali baina ya mgombea na mpiga kura ulifutwa kabisa. Mwajiri alimwona kibarua wake, mkopeshaji alimwona mdeni wake, na malalamiko kwamba mlolongo mfupi uliushinda mrefu yalisikika nchi nzima. Desemba 1990 chama chenyewe kiliuacha utaratibu huo.

Kwetu, vyama vingi viliporudi, kisa kikawa cha sahani. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa, ikasema kwamba ukarimu wa kawaida au wa kijadi, ukifanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Jina lake likawa takrima. Mimi ni mtu wa mashairi, na sijapata kuona neno zuri likitumwa kazi mbaya kiasi hicho. Takrima, ukarimu, karamu na karama ni ndugu wa mzizi mmoja. Wabunge waliosema kwamba ukarimu ni mila yetu walisema kweli. Ila waliigeuza mila juu chini. Katika desturi zetu za pwani na za bara, anayekirimiwa ni mgeni, na mwenye kukirimu ni mwenyeji. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa mgombea anapoingia kijijini ni nani aliye mgeni? Ni yeye. Anapokuja na sufuria, mchele na mafuta yake, akapika uani kwa watu, akawalisha wenyeji, na jioni akawakumbusha siku ya kura, hapo amekaa katika kiti cha mwenyeji, na wenye nyumba wamekuwa wageni kwao wenyewe. Bibi zetu wasingeuita huo ukarimu. Wangeuliza ana shida gani.

Vyama vya kiraia vilikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya takrima vinapingana na Katiba, maana vilimpa mwenye mali nafasi ambayo maskini hana. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilifuata mwaka 2010. Lakini kuhusu siku yenyewe ya kupiga kura, Sheria ya Uchaguzi ya 1985 ilikuwa imekwisha kuweka mpaka: ndani ya mita 200 za kituo ilikatazwa kuvaa au kuonyesha alama ya mgombea. Mwaka 2015 ulizuka ubishi kuhusu wanaotaka kubaki nje ya mita hizo ili walinde kura, na siku mbili kabla ya uchaguzi wa 25 Oktoba Mahakama Kuu ilikataza mikusanyiko hiyo.

Mpaka ule niliuona ukifanya kazi mwaka 2000, nilipokuwa karani katika kituo kimoja. Alikuja bibi mmoja, shahada yake ya kupigia kura imefungwa pembeni mwa kanga, na kanga yenyewe ina picha ya mgombea kifuani na nyuma. Wakala wa upande wa pili akapiga kelele. Msimamizi akamwamkia bibi kwa heshima, akamweleza kwamba nguo ile hairuhusiwi. Bibi hakukasirika. Aliuliza kama ni kanga inayopiga kura au ni yeye. Kisha akatoka hadi penye mwembe, jirani yake akamwazima kanga moja katika doti yake, akarudi, akaingia kituturini, akakaa humo kwa muda mrefu kuliko wote waliomtangulia.

Ng'ambo ya kamba alikuwa amesimama kijana mpambe, ambaye siku mbili nyuma ndiye aliyezigawa zile kanga.

"Shikamoo bibi. Umetukumbuka?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nimewakumbuka wote."

Kijana akaandika kitu katika daftari lake, na bibi akaenda kumrudishia jirani kanga yake.