Nyuzi 10 tu: swali la joto lililowasumbua wanakemia miaka 85

Tuanze na hesabu ndogo. Una glasi mbili za maji ya sukari, zote zimetiwa asidi kidogo. Moja iko kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, nyingine nyuzi 35. Asidi inaivunja sukari polepole kuwa glukosi na fruktosi. Je, glasi yenye joto zaidi itaizidi mwenzake kwa kiasi gani?

Wengi tunajibu haraka: molekuli zikipata joto zinakimbia na kugongana zaidi, basi. Sawa, lakini piga hesabu. Kwa nyuzi hizo 10, mwendo wa molekuli unaongezeka kwa chini ya asilimia 2. Kasi ya mmenyuko inaongezeka zaidi ya mara 3! Sasa hiyo tofauti imetoka wapi?

Aliyeanza kuupima mmenyuko huu kwa makini ni Mjerumani Ludwig Wilhelmy, mwaka 1850. Mwanga wa aina maalumu ukipita kwenye maji ya sukari huzungushwa kuelekea kulia. Sukari ikivunjika, mzunguko unahamia kushoto. Wilhelmy alifuatilia mabadiliko hayo na kuyaandikia mlinganyo wa hisabati. Watu hawakumjali kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1884, Mholanzi Jacobus van 't Hoff alichapisha kitabu chenye mlinganyo unaohusisha kasi ya mmenyuko na jotoridi. Mwaka huohuo, Msweden Svante Arrhenius alitetea tasnifu yake ya udaktari pale Uppsala, akaambulia alama ya chini. (Wanafunzi wenzangu, msikate tamaa: mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel.)

Mwaka 1889 Arrhenius aliirudia ile sukari, akauchukua mlinganyo wa van 't Hoff na kuupa maana. Alisema si kila molekuli iko tayari kuvunjika. Zinazoweza ni chache tu, zile zenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti. Chukua mmenyuko ambao kizingiti chake ni kilojuli 50 kwa moli. Kwenye nyuzi 25, kati ya migongano bilioni 10, ni kama 17 tu inayofikisha nishati hiyo. Kwenye nyuzi 35 inakuwa kama 33. Umeona? Mwendo wa wastani haujabadilika sana, ila wachache wanaoweza kuvuka wamekaribia kuwa mara mbili.

Je, mjadala uliishia hapo? Hapana. Mlinganyo ulilingana na vipimo, lakini haukusema molekuli zinafanya nini hasa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Max Trautz wa Ujerumani (1916) na William Lewis wa Liverpool (1918), kila mmoja bila kujua kazi ya mwenzake, walizichukulia molekuli kama mipira migumu na kukokotoa idadi ya migongano. Kwa baadhi ya gesi hesabu ilikubali vizuri. Kwa molekuli kubwa, zenye umbo tata, ilitoa kasi kubwa mno. Ni wazi kwamba kugongana kwa nguvu hakutoshi; lazima zigongane zikiwa zimekaa upande unaofaa.

Mwaka 1935 Henry Eyring, pale Princeton, alitazama kizingiti chenyewe: ule mpangilio wa atomi ambao si kitu cha awali tena wala bado si zao. Huko Manchester, Meredith Evans na Michael Polanyi walifikia wazo hilo mwaka huohuo. Makala ya Eyring ilikataliwa kwanza na jarida. Wenzake Hugh Taylor na Eugene Wigner walipomtetea, ndipo ikachapishwa.

Kwa hiyo siku ukichora grafu yako maabara na kupata mstari ulionyooka, furahi, lakini usifunge daftari. Arrhenius alikuwa na mstari huo mwaka 1889, na maelezo ya kinachotokea pale kizingitini yalichukua miaka 46 mingine.