Walivaa majoho wakaenda Ikulu

Nilipokuwa kidato cha tatu tulipiga kura ya kumchagua kaka mkuu. Karatasi zikakusanywa, na jioni mwalimu akatangaza jina la kijana ambaye hata hakugombea. Tulicheka tu. Lakini nilibaki najiuliza, sasa ile kura ilikuwa ya nini?

Swali hilo lilinirudia juzi niliposoma tena habari za Oktoba 22, 1966. Siku hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao. Walikuwa wanapinga mpango wa kuwalazimisha wasomi kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, iliyobaki kazini huku wakipata asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja likadai kuwa enzi za ukoloni kulikuwa na nafuu. Jamani! Miaka mitano tu baada ya Uhuru, unampelekea Nyerere bango kama hilo?

Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Palepale akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi wapatao 390 wakafukuzwa na kurudishwa makwao.

Kusema kweli, kwenye hoja ya mshahara niko upande wa Mwalimu. Nchi ya wakulima ilikuwa imewasomesha. Ila kuna jambo huwa tunaliruka tunapoisimulia hadithi hii. Waliotakiwa kwenda kambini walifikishiwa mpango ambao tayari ulikuwa umepikwa. Wangeupinga wapi, kama si barabarani?

Ajabu ni kwamba jibu lilikuja kutoka TANU yenyewe. Mwongozo wa Februari 1971 ulisema kazi ya chama si kuwahimiza watu watekeleze mipango iliyoamuliwa na wataalamu na viongozi wachache. Watu wenyewe washiriki kuifikiria na kuipanga. Kifungu cha 15 kikawakataza viongozi majivuno na dharau. Vijana wa Mlimani waliusoma, wakauamini!

Julai mwaka huohuo, rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, Mkenya aitwaye Symonds Akivaga, alimwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi kulalamikia jinsi chuo kilivyoendeshwa. Safari hii hapakuwa na suala la mshahara. Hoja ilikuwa nani anaamua mambo ya chuo, na iliegemea maneno ya chama tawala chenyewe. Akivaga akaondolewa chuoni na polisi wenye silaha. Wenzake wakagoma.

Mwaka 1978 waliandamana tena, kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mamia walifukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, ikaletwa MUWATA chini ya mwavuli wa chama. DARUSO ilikuja 1991. Hesabu mwenyewe: miaka 13. Ni wangapi waliingia na kutoka Mlimani bila chombo walichokiunda wenyewe?

Kaka mkuu wetu, kwa taarifa yenu, alikuwa kijana mzuri tu. Hakuwahi kupeleka lalamiko letu hata moja ofisini, nasi hatukumlaumu. Hatukuwa tumemtuma.