Injini ya 2.5 kwenye gari la 2.0: historia fupi kutoka Keko

Nimekuwa kimya kidogo, shughuli za chumba cha habari mnazifahamu. Leo naomba tuipumzishe siasa, tuongee magari. Na wewe usiyependa magari usiondoke, maana stori yenyewe ni ya pesa, karatasi na ada ya shule.

Mjomba wangu ana Subaru Forester, toleo lililoanza kutoka Japani mwaka 2002, lenye turbo na ile pua juu ya boneti. Injini yake ilikuwa ya 2.0, yaani cc 1994, nguvu za farasi 220. Siku moja ikaanza kugonga. Ikafunguliwa, beringi zimekwisha. Mjomba akatafuta injini nyingine, akakutana na muuzaji aliyekuwa na ya 2.5 turbo ya mtumba, cc 2457. Akaambiwa inakaa palepale bila hata kupiga nyundo. Mjomba akashawishika. Tukaenda Keko.

Ukitaja Keko watu wengi hufikiria mambo mawili: gereza na samani. Kweli, vitanda na makochi ya nusu ya Dar es Salaam yametoka pale. Lakini ingia ndani kidogo, kuelekea Machungwa, Mwanga au Toroli, utakuta na mafundi magari. Winchi imening'inia, chini mchanga umekuwa mweusi kwa oili. Fundi tuliyemkuta ni mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutoa kichwa kwenye boneti. Mjomba akaeleza shida yake yote. Mzee akajifuta mikono, akamtazama, akauliza swali moja tu: "Bosi, unataka kukimbilia wapi?"

Tulicheka. Lakini swali lile halikunitoka. Mtu ana gari ambalo tayari lina turbo, bado anataka injini kubwa zaidi. Hii hamu imetoka wapi? Nikaanza kufuatilia, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Turbo yenyewe ni kitu cha zamani. Mswisi Alfred Büchi aliiwekea hataza mwaka 1905. Wazo lake ni rahisi: moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure, basi uzungushe feni, na feni hiyo isukume hewa zaidi ndani ya silinda. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Kwenye magari ya watu binafsi ilianzia Marekani mwaka 1962, kwa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair.

Wajapani wakaipenda kwa sababu ambayo Mtanzania ataielewa haraka: kodi. Kule gari likivuka cc 2000 lilihamia daraja lingine, na kodi yake ya mwaka ikaruka. Kwa hiyo watengenezaji wakawa wanatafuta nguvu ya injini kubwa ndani ya injini ndogo. Nissan Cedric ya mwaka 1979, gari la kwanza la abiria la Kijapani lenye turbo, ilikuwa na injini ya cc 2000. Mwaka 1989 Subaru wakaleta Legacy na injini ya familia ya EJ, ya cc 1994. Ona walivyokaa chini ya mstari! Mwezi Januari mwaka huohuo Legacy za turbo zilikimbizwa Arizona, Marekani, kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Injini hiyo ndiyo baba wa ile iliyokufa kwenye gari la mjomba.

Sasa, gari la Kijapani lilituteka vipi sisi wa huku? Jibu moja ni Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na kwetu Tanganyika. Wazee wa Dar bado wanamkumbuka Bert Shankland, mkazi wa hapa, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Ndiyo maana kwa kizazi kile gari la maana lilikuwa Peugeot, na la familia kubwa lilikuwa Peugeot stesheni wagoni. Baadaye zamu ikahama. Colin McRae akashinda Safari ya mwaka 1997 na Richard Burns ya mwaka 2000, wote kwa Subaru Impreza. Kijana aliyekuwa anatazama yale matope na ile rangi ya bluu leo ni mtu mzima mwenye mshahara. Impreza ya mashindano hawezi kuinunua. Forester, yenye mlango mpana wa nyuma unaopitisha magunia ya mkaa na mabegi ya watoto, anaiweza.

Jibu la pili liko kwa mafundi wenyewe, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Tukisema "mafundi wa mitaani" huwa tunasema kwa dharau kidogo. Tunasahau shule yao ilikuwa ipi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 vita ya Kagera, mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikaisha, spea zikaisha. Gari likifa halikuwa na mbadala, na lililopo lilipaswa kutembea. Dar es Salaam ile ndiyo iliyozaa chai maharage, yale malori yaliyofungwa mabenchi abiria wakakaa wakitazamana kama wako hotelini. Hiyo nayo ni historia ya uhandisi, hata kama haimo vitabuni. Mzee wa Keko alituambia alijifunza kazi enzi hizo. Injini ya gari moja kuingia kwenye gari lingine haikuwa mbwembwe. Ilikuwa njia pekee ya mgonjwa kufika hospitali.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaja Mzee Mwinyi, na ruksa yake. Magari ya mtumba yakaanza kumiminika, na nyuma yake injini za mtumba. Kule Japani ukaguzi wa magari ni mkali na wa gharama, kwa hiyo mengi huachwa na wenyewe wakati injini bado ina uhai. Yanakatwa, injini zinasafirishwa, nyingine zinapitia Dubai na Sharjah, zinashushwa bandarini kwetu. Fundi aliyejifunza kupachika injini kwa dhiki sasa akawa na rundo la kuchagua. Ufundi wa ukata ukawa ufundi wa starehe.

Na kodi? Imo. Hapa kwetu ushuru wa bidhaa kwa gari dogo la cc zaidi ya 1000 hadi 2000 ni asilimia 5. Likizidi 2000 ni asilimia 10. Kwa hiyo Mtanzania naye anaagiza cc 1994, kwa hesabu ileile ya Mjapani, halafu baadaye moyo unamtuma 2457.

Haya, turudi gereji. Muuzaji hakudanganya: ile 2.5 ni ya familia ileile ya EJ, na kwa nje vipimo vinalingana. Inakaa kwenye maunting kama imezaliwa pale. Lakini mzee alitukalisha kwenye ringi za matairi akatupa somo ambalo nusu yake nililiandika kwenye daftari la kazi.

Kwanza, alisema, kukaa siyo kufanya kazi. Injini ina kontrol boksi yake, waya zake, nozeli zake. Ukiiacha 2.5 iendeshwe na kontrol boksi ya 2.0, hesabu zake hazikupangwa kwa injini ya ukubwa huo. Mafuta yanaweza kuwa machache, moto ukawa mkali, pistoni ikapasuka. Na petroli ya vituo vyetu siyo ile ya daraja la juu ya Japani ambayo turbo hizo zilipangiwa.

Pili, ukubwa una gharama. Umbali wa katikati ya silinda moja hadi nyingine kwenye familia hiyo ni milimita 113, haubadiliki. Tundu la 2.0 lina kipenyo cha milimita 92, la 2.5 ni 99.5. Fanya hesabu: kati ya tundu na tundu unabaki na milimita 21 kwenye ndogo, na 13.5 tu kwenye kubwa. Nguvu imeongezeka, nyama imepungua. Injini namna hiyo haitaki uzembe wa oili wala joto.

Tatu, ukibadilisha na gia boksi, angalia difu. Subaru inavuta miguu yote minne. Ukifunga gia boksi yenye uwiano wa 4.444 na nyuma ukaacha difu ya 4.111, mbele na nyuma zinabishana kila mzunguko. Anayekula kipigo ni difu ya kati, inachemka mpaka inakufa. "Wengi wanaletwa hapa na breki dauni kwa kosa hilo," alisema, "halafu wanalaumu injini."

Nikakumbuka kitu. Mwaka 2004 kiwanda chenyewe kilifanya anachotaka mjomba: kikatoa Forester STI yenye injini ya 2.5, nguvu za farasi 265. Lakini hakikubadilisha injini peke yake. Kilifunga na gia boksi ya gia sita, breki za Brembo na springi ngumu. Nikamwambia mzee. Akatabasamu: "Sasa si unaona? Hata mwenye kiwanda aliogopa."

Mjomba hakuogopa. Bajeti ilitosha injini na waya, breki zikaahirishwa. Na nisiwe mnafiki, siku ya kwanza tulipotoka Keko kuelekea Barabara ya Nyerere nilishika mlango huku nacheka kama mtoto. Gari lilikuwa tamu.

Uchungu ulikuja mwaka uliofuata. Mtoto wa kwanza wa mjomba kafaulu, ada inatakiwa, mjomba akaamua kuuza. Mnunuzi akaja, akalipenda, akafungua boneti na kuomba kadi. Kadi inasema cc 1994. Injini inasema vingine, na namba yake siyo iliyoandikwa. Mnunuzi hakugombana. Alirudisha ufunguo mezani, akaaga. Wa pili vilevile. Wa tatu akatoa bei ya kuchinjia.

Ukibadilisha injini, TRA ambao ndio wasajili wa magari wanatakiwa kujulishwa ili kadi irekebishwe, na utaulizwa injini umeitoa wapi. Mjomba alirudi kwa muuzaji kuomba risiti na karatasi za forodha. Duka lilishahama. Hapo ndipo nilipoelewa swali la mzee.

Gari halijauzwa mpaka naandika. Ada imelipwa kwa mkopo wa SACCOS. Mzee wa Keko, bila kuombwa, aliandika kwa mkono wake siku aliyofunga injini, namba ya iliyotoka na namba ya iliyoingia, akasaini. Kumbe ana daftari, na kila injini aliyowahi kuhamisha imo. Karatasi hiyo haimalizi safari, lakini ndiyo kitu pekee mjomba alichonacho cha kuanzia mbele ya ofisa.

Nikamuuliza mzee alijifunza wapi kuandika vile. Akasema enzi za ukata, bila kuandika ulikuwa hujui spea ya nani iko kwenye gari la nani. Nimemwomba aniruhusu nilipige picha daftari lile, kurasa zote. Amesema atafikiria.

Wewe mwenye gari, leo jioni kabla hujalala, fungua boneti ulinganishe namba na kadi yako. Halafu uje uniambie umekuta nini.