Tulizimiwa Kisichowaka

Ndugu msomaji, mwulize kijana yeyote wa kijiweni Dar es Salaam historia ya televisheni ya nchi hii, atakumalizia kwa dakika mbili. Zanzibar walianza 1974. Bara ikafuata 1994. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, watu wakakimbilia ving'amuzi, nchi ikahamia dijitali. Basi, imekwisha hiyo. Mimi sina ugomvi na tarehe hizo. Ugomvi wangu ni na neno moja dogo tu: kuhama. Mtu huhama kutoka mahali alipokuwa akikaa. Sasa sisi wa Kihagara, huku mwambao wa Ziwa Nyasa, tulihama kutoka wapi?

Nauliza kwa sababu historia ya jambo lolote linalorushwa hewani husimuliwa na waliokaa karibu na mnara. Aliyekaa nyuma ya mlima huhesabiwa tu mwishoni, pale wanaposema "nchi nzima". Nami nataka kuianza hesabu upande huu wa mlima.

HABARI ZILIZOCHELEWA

Kwetu kuchelewa kwa habari si jambo la jana. Si mbali na Kihagara ipo Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake unaofanana na mnyama aliyelala. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika pale na kuifyatulia mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani alishangaa na kukasirika, maana yeye na yule nahodha wa Kiingereza walikuwa marafiki. Kumbe Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani tangu tarehe 4, na yeye hakuwa amepata habari. Siku tisa bwana! Vita vimefika bandarini kabla ya taarifa ya vita.

Baadaye ilikuja redio, na hapo lazima niseme haki ya Mungu: redio ilitufikia. Redio Tanzania Dar es Salaam iliyaruka milima ya Umatengo, ikashuka hadi ufukweni. Wazee wetu walianika betri juani ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya jioni. Upepo ukikaa vizuri, na redio ya Malawi nayo ilisikika kutoka ng'ambo, kwa Kinyanja ambacho wengi wa mwambao wanakielewa. Mwaka 1973 serikali ilipoendesha kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ndivyo taifa lilivyozungumza na watu wake: kwa sikio.

WAZEE WALIOKATAA PICHA

Sasa tuje kwenye picha. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Zanzibar, chini ya Rais Aboud Jumbe, ikafungua yake mwaka 1974, tena ya rangi. Lakini Bara, kimya. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, kitu ambacho kingepanua pengo kati ya mjini na shamba. Hata kuingiza seti zenyewe kutoka nje kuliwekewa vizuizi.

Vijana wa mjini mara nyingi huicheka hoja hiyo. Wanasema tulicheleweshwa miaka ishirini. Mimi hucheka kidogo tu, kisha nanyamaza. Angalia ng'ambo ya ziwa. Malawi ya Kamuzu Banda nayo haikuwa na televisheni. TV Malawi ilianza 1999, Banda akiwa amekwisha kufa. Nyerere na Banda walitofautiana karibu kwa kila jambo duniani: ujamaa, Makaburu, ukombozi wa Kusini, hata mpaka wa ziwa lenyewe. Lakini hapo kwenye televisheni, kila mmoja kwa sababu zake, wakajikuta upande mmoja. Msumbiji, mwenye kipande chake cha ufukwe huohuo, alianza majaribio 1981, lakini huko Maputo, mbali kabisa na ziwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi Ziwa Nyasa lilikuwa na nchi tatu na giza moja.

Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya huduma za utangazaji, milango ikafunguka kwa watu binafsi. Mwaka 1994 vituo kama CTN, ITV na DTV vikaingia hewani Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa, TVT, ilikuja baada ya hapo, ikazaa TBC1 ya leo. Mwaka 1999 Mwalimu alipofariki, yule aliyeikataa televisheni alizikwa mbele ya kamera za televisheni. Mjini watu waliliona jeneza. Kihagara tulisikia tu, kwa redio, na wazee walilia vilevile.

Je, hofu ya Mwalimu ilitimia? Pengo lilipanuka au halikupanuka? Mwenye haki ya kujibu swali hilo si mtu wa Kinondoni.

MLIMA NA CHENGA

Tuelewane kwanza analojia ni kitu gani. Kituo huchukua picha, huikata katika mistari 625, huipeleka hewani mara 25 kwa kila sekunde. Wimbi lenyewe hupanda na kushuka kufuata mwanga na giza la picha. Ukiwa karibu na mnara, safi. Ukienda mbali, wimbi linachoka, na skrini inaanza kujaa chenga. Mawimbi ya televisheni husafiri kama jicho linavyoona: mlima ukikaa katikati, mambo yameharibika. Na kati ya Songea na ziwa, ndugu yangu, kuna milima ambayo hata basi huipanda kwa kuomba dua.

Ndiyo maana katika utoto wangu sikuona antena juu ya paa kule nyumbani. Wale wa mjini wana kumbukumbu zao tamu: mtoto mmoja nje anazungusha mti wa antena, mwingine ndani anapiga kelele "hapohapo, usiguse!", mama anasubiri mchezo wa Kaole uanze ITV. Mimi simulizi hizo nilizikuta Dar es Salaam nilipokuja kusoma. Washikaji walizieleza nami nikacheka pamoja nao kama vile nilikuwepo.

Kwetu picha ilishuka kutoka mbinguni moja kwa moja. Banda la kwanza nililoliona lilikuwa la mabati na magunia, mabenchi ya mbao, jenereta nje linanguruma kuliko filamu yenyewe. Kibanda umiza hasa, maana ukitoka mgongo unauma na macho yanawasha. Kiingilio kilikuwa shilingi, na asiye nazo alileta kibaba cha usipa. Ndani kulikuwa na TV ya chogo, deki ya kanda za VHS, na juu ya paa ungo mkubwa umeangalia juu kama sufuria inayosubiri mvua. Hapo ndipo tarehe 31 Mei 2002, saa nane na nusu mchana, nikiwa shule ya msingi, niliwaona Senegali wakiwafunga Ufaransa, mabingwa wa dunia, bao moja la Papa Bouba Diop. Kijana mmoja aliyefika kidato cha pili alitutafsiria Kiingereza cha mtangazaji. Nusu ya tafsiri ilikuwa ya kwake mwenyewe, lakini hakuna aliyedai chake kirudishwe.

Sasa nikuulize, msomaji: ule ungo ulikuwa unapokea nini? Risiva iliyokaa chini ya ile TV ilikuwa ya dijitali. Satelaiti ilishusha tarakimu, risiva ikazigeuza picha, zikapita katika waya wa vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha njano, hadi kwenye chogo. Analojia pekee tuliyoijua ilikuwa ya kanda na waya. Yaani miaka kumi kabla nchi haijatangaziwa kwamba inahamia dijitali, wavuvi wa mwambao walikuwa tayari wamelipa kiingilio cha usipa kwenda kuiangalia. Hatukuwa mbele ya Dar es Salaam kwa ujanja wowote. Tulikuwa mbele kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

USIKU WA KUZIMA

Mabadiliko yenyewe yalitoka Geneva. Mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 utangazaji wa televisheni uwe wa dijitali. Sababu yake ni ya maana: njia ya hewani iliyobeba kituo kimoja cha analojia inaweza kubeba vituo kumi na zaidi vya dijitali, na sehemu ya hewa inayobaki ikapewa simu. Nchi za Afrika Mashariki zikajiwekea tarehe ya mapema zaidi, mwisho wa 2012. Ilipokaribia, jirani zetu wakaahirisha. Tanzania haikuahirisha. Dar es Salaam ilizimwa usiku ule wa mwaka mpya, na mwanzoni mwa 2013 ikafuata mikoa mingine, Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Mbeya, kwa awamu. Kenya walipofika hatua hiyo mapema 2015, mambo yalifika hadi Mahakama ya Juu, na stesheni kubwa tatu zikawa gizani karibu wiki tatu.

Mjini watu walilalamika, na walikuwa na haki. Mtu alilala na televisheni inayofanya kazi, akaamka na sanduku. Akaambiwa anunue king'amuzi. Analojia ilikuwa na huruma ya namna fulani: ikichoka inaonyesha chenga, lakini bado unaona mpira ukipita. Dijitali haina chenga. Ama ipo, ama imeganda, na mshambuliaji amebaki na mguu hewani.

Lakini hebu tazama mwaka huohuo 2012 kwa macho ya mwambao. Miezi michache kabla ya usiku wa kuzima, mgogoro wa mpaka na Malawi uliwaka upya. Malawi ilishikilia mkataba wa 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani, kwamba ziwa lote kaskazini mwa Msumbiji ni lake hadi ufukweni kwetu. Tanzania ikasema mpaka upo katikati ya maji. Televisheni za Dar es Salaam zilijaa ramani ya ziwa letu. Wakubwa walizungumza, wachambuzi walichambua, wengine wakataja hata vita. Na wavuvi ambao mitumbwi yao ndiyo iliyokuwa juu ya maji hayo? Waliendelea kutega nyavu, wakisubiri mtu aje kutoka Mbinga awaeleze kwamba wao ni habari. Nahodha wa 1914 angewaelewa vizuri.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Televisheni isipokufikia, hukosi mpira na tamthilia peke yake. Unakuwa mtu anayezungumzwa bila kusikia anazungumzwaje, na bila nafasi ya kusema "hapana, si hivyo."

KILICHOBAKI HEWANI

Hadithi haikuishia gizani. Mwaka 2018 laini kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea, na mkoa ukaanza kuagana na majenereta ya dizeli. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikapiga mnada masafa ya 700 MHz kwa kampuni za simu. Masafa hayo ni sehemu ya ile hewa iliyokuwa imetengewa televisheni ya analojia. Nikifika nyumbani siku hizi nakuta vijana wamekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, simu moja, vichwa vitano, wanaangalia magoli ya jana. Picha ile ambayo haikuweza kupita mlima kwa mnara imewafikia kiganjani.

Vibanda umiza vinapungua. Magunia yametolewa, mabati yameezekea jiko la mtu. Hakuna aliyevitangazia mwisho, hakuna waziri aliyekata utepe wala kubonyeza kitufe. Na wenye mabanda wale wanazeeka. Nani atatuambia jenereta la kwanza lilishushwa melini na watu wangapi? Petroli ilitoka wapi masika barabara ilipokatika? Kiingilio cha usipa kilipimwa kwa kibaba cha nani, na yule mtafsiri wa mpira yuko wapi leo?

Mwandishi kijana unayesoma ukurasa huu, usidhani historia ya nchi imekaa Dar es Salaam peke yake ikisubiri kunakiliwa. Kila mtu anatoka kijiji chenye banda lake. Likizo ijayo, kabla hujaandika "nchi nzima ilihamia dijitali", mtafute mwenye banda, mpe kiti, mwulize. Na ukimaliza kuandika, mpelekee asome kwanza yeye, maana hiyo itakuwa habari ya kwanza kumfikia kabla ya kuwafikia watu wa mjini.