Munyu wa Kukhu

Anayeingia Kariandusi kutoka barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, mbele kidogo ya Gilgil, mara nyingi amekuja kuona mashoka ya mawe. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipafikia mahali hapa mwaka 1928. Mengine kati ya mashoka hayo ni ya kioo cheusi cha volkeno, na makali yake bado yanaweza kukukata. Wageni wakishapiga picha hugeukia shimo jeupe lililo kando, wakauliza kama ile ni chokaa. Si chokaa. Ni diatomaiti: maganda ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliokufa ukazama tabaka juu ya tabaka katika ziwa lililokuwa hapa zamani.

Baba yangu alichimba humo. Jioni alirudi mweupe mpaka kope, akatuambia unga ule unaenda kuchujia bia na sukari. Sikushangaa. Kuchuja nilikuwa nimekuona nyumba ya pili, kwa Kukhu.

Kukhu alitoka upande wa Kakamega na mumewe, mchimbaji mwenzake baba. Kwetu nyanya ni cucu, lakini yeye tulimwita kama walivyomwita wajukuu zake. Maharagwe yakishavunwa na kupurwa, wengine tuliwatupia ng'ombe mabua na maganda. Yeye aliyakusanya, akayaning'iniza chini ya paa mpaka yakakauka kabisa, kisha akayachoma juu ya kipande cha bati siku isiyo na upepo. Upepo, alisema, ni mwizi. Majivu mazuri yalikuwa meupe kama unga wa baba. Yakibaki meusi aliyarudisha motoni.

Halafu kopo. Lilikuwa kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, limetobolewa kwa msumari chini, likatandikwa nyasi kavu. Alishindilia majivu ndani, akaweka kopo juu ya sufuria, akamimina maji kwa kikombe, kidogo kidogo, akingoja yale ya kwanza yanywewe. Baada ya muda tone la kwanza lilianguka, la rangi ya chai ya rangi. Hilo ndilo kali kuliko yote. Alilipokea kwa kidole, akaligusisha ulimini, akakunja uso, akatabasamu. Huo ndio munyu. Ukiutia katika mrenda, huteleza ipasavyo. Katika kunde, majani magumu hulainika na uchungu hupungua.

Siku moja mama aliniagiza nikaombe kidogo, nikarudi na nusu chupa na kuimimina yote chunguni. Kunde ziligeuka uji, na tulikula kitu kilichoonja kama sabuni. Kumbe sikuwa mbali na ukweli: maji hayo ya majivu ukiyachemsha na mafuta unaelekea kwenye sabuni.

Mmea hunyonya potasiamu kutoka ardhini. Ukiuchoma, potasiamu hubaki katika majivu, nyingi yake ikiwa kaboneti, nayo huyeyuka upesi majini. Chokaa na mengine yasiyoyeyuka hubaki koponi. Ulaya na Marekani zilitegemea kazi hiyo hiyo kwa sabuni na kioo, ila wao walichoma misitu. Hataza ya kwanza kabisa ya serikali ya Marekani, mwaka 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia yake ya kutengeneza potashi kutokana na majivu. Mwaka 1807 mwanakemia Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi, akapata metali ngeni, akaiita potasiamu. Jina la Kiingereza la potashi ni chungu na majivu yakiwa yamepakana. Vyombo vya Kukhu, kasoro kopo.

Kilichonikera ni shule. Mwalimu wa kemia aliomba mfano wa alkali, nikasema munyu. Darasa likaangua kicheko, naye akaandika ubaoni potasiamu kaboneti kama mfano bora.

Wapo waliouliza kwa nini ahangaike, na magadi yanauzwa dukani, na Ziwa Elementaita lenyewe, hapo bondeni, ni la magadi. Kukhu hakutaka. Magadi ni chumvi ya sodiamu, na yeye, bila kutaja sodiamu, alisema yanaacha ladha ya mawe. Nimeonja vyote viwili, namwunga mkono.

Si Kukhu peke yake aliyeona faida katika mabaki ya mmea; viwanda navyo vimeyaonja. Pareto, iliyoletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ikishakamuliwa sumu yake ya wadudu huacha machicha ambayo ni karibu uzito wote wa ua. Machicha hayo yamelishwa ng'ombe, na yamesagwa yakawa dawa ya mbu ya kuzunguka, ile Wajapani waliyoibuni kwa pareto kabla mashamba yetu hayajawapita.

Kukhu alirudi kwao uzeeni, na kopo akaenda nalo. Majivu yaliyokwisha chujwa alikuwa akiyamwaga kwenye mistari ya sukuma wiki, na mistari hiyo ilibaki ikionekana nyuma ya nyumba, ya kijivu, misimu miwili baadaye.

Mwezi uliopita, soko la Gilgil, niliona chupa ya soda isiyo na karatasi, ndani kuna maji ya rangi ya chai. Nikamuuliza mama aliyekuwa akiuza kama ni munyu wa maharagwe au wa magunzi ya mahindi. Hakunijibu. Alifungua kifuniko, akanitilia tone moja kiganjani.