Kingi wa drafti: sheria za kijiwe zinavyobadili nguvu yake

Ubao wa drafti tuliouzoea una vyumba 64, na kila mchezaji huanza na kete 12. Vizibo vya soda vinatosha. Lakini mgeni akikaa kijiweni kwenu, iwe Kayanga au Murongo, tunashauri mkubaliane kwanza mambo mawili, kwa kuwa yanaweza kuamua nani anashinda.

Kingi anatembeaje?
Katika drafti ya Uingereza, kingi husogea chumba kimoja kimoja, mbele au nyuma. Hapo kingi wawili kwa kawaida humshinda mmoja. Katika drafti ya Urusi, kingi hukimbia vyumba vingi kwenye mstari ulio wazi na kula kete iliyo mbali. Akiushika mstari mrefu wa kona hadi kona, kingi mmoja anaweza kuwazuia hata watatu, mchezo ukaisha sare.

Kete ya kawaida inakula nyuma?
Kwa Waingereza hapana. Kwa Warusi ndiyo. Ikiruhusiwa, kete ndogo zinapata nguvu, maana mpinzani aliyekwisha kuzipita bado anaweza kuliwa. Ikikatazwa, akishapita amepona, na safari yake ya kwenda kuvaa ukingi inakuwa nyepesi.

Hakuna sheria ya uongo hapo. Ugomvi huja kila mmoja anapocheza na yake, na jambo likaulizwa wakati mmoja ameshaanza kuzidiwa. Semeni mapema, watazamaji wakisikia, kabla kete ya kwanza haijasogezwa.