Jina lililo mwisho wa muswada

Anayetaka kujua muswada umeletwa na nani aanzie ukurasa wa mwisho. Baada ya vifungu vyote kuna sehemu ya Madhumuni na Sababu, na chini yake jina na cheo cha aliyeuleta. Tanzania, jina hilo karibu kila mara ni la waziri au la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mkazi wa Mbwawa, kata ya Mji wa Kibaha, anaweza kupekua matoleo mengi ya Gazeti la Serikali asikutane na mbunge wa kawaida hata mmoja aliyetia sahihi mahali hapo. Akihitimisha kwamba wabunge hawatungi sheria atakuwa amekosea, ila kosa lake lina chimbuko la karibu miaka 100.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 1926, chini ya Gavana Donald Cameron. Wajumbe wote waliteuliwa, na Mwafrika hakuwamo. Wawili wa kwanza, Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1958 na 1959, na mwaka 1961 Baraza likawa Bunge. Muswada uliendelea kutoka palepale ulipokuwa ukitoka: serikalini.

Chini ya chama kimoja, mbunge aliyeipinga Serikali alijua anachohatarisha. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa kutoka chama hicho, TANU, na uanachama ulipokwisha ubunge nao ukaisha. Hata hivyo mwaka 1973 Bunge lilithubutu kuukataa muswada wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere alitishia kulivunja, nalo likakutana tena na kuupitisha. Naliona tukio hilo kuwa kubwa kuliko nafasi linayopewa katika simulizi zetu, kwa sababu lilionyesha umbali ambao mbunge angeweza kufika na mahali ambapo angerudishwa.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, wabunge walianza kuleta mambo yao wenyewe, lakini zaidi kwa njia ya hoja binafsi. Maarufu kuliko zote ni ile ya Agosti 1993, ambapo kundi la wabunge lililoitwa G55, akiwamo Njelu Kasaka wa Lupa, lilidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Ilimfanya Nyerere aandike kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Hoja, hata ikipita, huzaa azimio la Bunge tu. Anayetaka sheria sharti alete muswada.

Mlango huo uko wazi kwa mbunge yeyote asiye waziri, kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu. Kizuizi kiko kwenye Katiba. Ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulikia jambo la kutoza kodi, au la kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais amelipendekeza na pendekezo lake limewasilishwa na waziri. Kupunguza kodi kunaruhusiwa. Sasa fikiria mahitaji ya watu wa Mbwawa: maji, zahanati, barabara, walimu. Lipi kati ya hayo halihitaji fedha za Hazina? Mbunge wao akitaka kuyageuza kuwa haki ya kisheria, atakwama kwenye ibara hiyo kabla hajaandika kifungu cha pili.

Wachache walijaribu. John Mnyika, akiwa mbunge wa Ubungo, aliandaa muswada binafsi wa kuunda baraza la vijana. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Baraza la Vijana la Tanzania, kwa muswada wa Serikali. Anayesoma sahihi peke yake hatamwona Mnyika kabisa.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Joe Donde wa Gem alipitisha mwaka 2000 marekebisho ya kudhibiti riba za benki, yakakwamishwa mahakamani. Jude Njomo wa Kiambu Mjini akalirudia jambo hilo, sheria ikasainiwa Agosti 2016 na ukomo wa riba ukaondolewa 2019. Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, ndiye aliyeleta Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Wakenya wanawajua kwa majina, na hilo halikuja lenyewe: katikati ya miaka ya 2000 Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kila mbunge amesema nini na ameleta nini.

Kwetu mfuatiliaji alikabiliwa kwanza na lugha. Aprili 2011 muswada wa mabadiliko ya Katiba ulifika kwa wananchi ukiwa kwa Kiingereza, na hasira zilizofuata zililazimisha urudi kwa Kiswahili. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria mwaka 2021 tu. Kabla ya hapo, Januari 2016, Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Mwananchi akabaki zaidi na Hansard, taarifa rasmi ya mijadala ya Bunge.

Na humo ndimo kazi ya mbunge wa kawaida ilimo. Muswada wa waziri ukifika Kamati ya Bunge Zima, hupitiwa kifungu kwa kifungu, na mbunge mwenye pendekezo huleta jedwali la marekebisho: futa neno hili, ongeza kifungu kidogo hiki. Waziri hukubali au hukataa, Bunge huamua, na yote huandikwa pamoja na jina. Faini imepunguzwa hapo, muda wa rufaa umeongezwa hapo. Ndipo pa kumpimia mbunge wa Kibaha Mjini, au wa jimbo lolote.

Tovuti ya Bunge imekuwa ikimhesabia kila mbunge maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na michango. Iongezwe safu ya majedwali ya marekebisho, yenye kifungu kilichoguswa na matokeo yake. Taarifa zote zimo tayari ndani ya Hansard. Zinahitaji kutolewa humo na kupangwa kwa jina la mbunge, ili mtu wa Mbwawa azisome kwenye simu yake kabla ya mkutano wa hadhara.